Presha, Rozela na Mzizi wa Bombay

Rozela iliyokaushwa huuzwa sokoni kwa kupimwa kutoka kwenye magunia, nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Wengi huiita maua, ila kinachochemshwa si petali. Ua la mmea huu hudumu siku moja, kisha petali zinanyauka na kudondoka. Kinachobaki ni kikombe kinene chenye nyama, kilichokumbatia tunda changa, na hicho ndicho kinachochumwa, kubanduliwa mbegu na kuanikwa juani. Dodoma watu huiita choya. Misri na Sudani ni karkade, Nigeria ni zobo, Senegali ni bissap. Kote huko wapo wanaoinywa kukata kiu, na wapo wanaoinywa kwa sababu ya presha.

Hao wanaoinywa kwa sababu ya presha hawafuati uvumi mtupu. Mwaka 2010, Diane McKay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 65 wenye umri wa miaka 30 hadi 70. Presha zao zilikuwa zimeanza kupanda au zimepanda kidogo, na hawakuwa wakitumia dawa. Kundi moja lilikunywa chai ya rozela vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja mililita 240, kwa wiki sita. Kundi la pili lilipewa kinywaji cha kufanana nayo kisicho na rozela ndani yake. Kipimo cha juu, ile namba inayotajwa kwanza mtu anaposomewa "140 kwa 90", kilishuka kwa wastani wa 7.2 kwa waliokunywa rozela. Kwa wenzao kilishuka kwa 1.3. Wale walioanza na vipimo vikubwa zaidi ndio walioshuka zaidi.

Saba inaweza kuonekana namba ndogo. Ukubwa wake unaonekana katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 kwenye jarida la Lancet, uliokusanya majaribio 48 ya dawa za presha yaliyohusisha watu zaidi ya 344,000. Kila kipimo cha juu kiliposhuka kwa tano, hatari ya kiharusi, shambulio la moyo na moyo kushindwa kufanya kazi, zikichukuliwa pamoja, ilipungua kwa takriban asilimia kumi. Kwa hiyo saba, ikidumu miaka, ni maisha ya watu.

Ndani ya ule wekundu kuna kemikali ziitwazo anthosayanini, rangi zilezile zinazozipa weusi zabibu na zambarau. Ili kuelewa zinafanya nini, inabidi kuanzia kwenye figo. Figo zikihisi damu haina msukumo wa kutosha, humwaga homoni inayoanzisha mfululizo wa mabadiliko ndani ya damu, na mwisho wake ni kemikali iitwayo angiotensini ya pili. Kemikali hiyo hubana mishipa na kuuamuru mwili uzuie chumvi na maji visitoke. Kuna kimeng'enya kimoja kinachoikamilisha, na dawa kama captopril, enalapril na lisinopril zinafanya kazi kwa kukizuia hicho. Katika maabara, anthosayanini za rozela nazo zimeonekana kukizuia, ingawa kwa nguvu ndogo. Isitoshe, rozela huongeza mkojo kidogo na kusaidia mishipa kulegea.

Watafiti wa Mexico hawakuridhika na maabara, wakaishindanisha rozela na vidonge. Katika jaribio la mwaka 2004, wagonjwa wa kundi moja walikunywa kila asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, nusu lita ya maji yaliyolowekewa gramu kumi za rozela kavu. Wengine walimeza captopril miligramu 25 mara mbili kwa siku. Baada ya wiki nne, tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa ya kuhesabika. Miaka mitatu baadaye timu hiyohiyo iliipambanisha rozela na lisinopril, na safari hii kidonge kilishinda waziwazi. Matokeo yote mawili yanapaswa kusimuliwa pamoja. Anayetaja lile la kwanza peke yake anamdanganya mgonjwa.

Mmea ukishafika mahali pa kupimana nguvu na kidonge, umeshaingia katika kundi la dawa, na kila kinachodaiwa kwa dawa unadaiwa nao: kiasi, muda, madhara, na namna unavyogongana na dawa nyingine. Hakuna mmea unaolionyesha hili vizuri kuliko kichaka kifupi cha India ambacho wanasayansi hukiita Rauvolfia serpentina.

Mzizi wake uliuzwa katika masoko ya India kwa karne nyingi, kwa ajili ya kuumwa na nyoka, homa, kukosa usingizi na wazimu. Mwaka 1931 madaktari wawili wa Kihindi, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika kwamba mzizi huo unatuliza wagonjwa wa akili na pia unashusha presha. Wazungu hawakusikiliza. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alipeleka taarifa ya wagonjwa wake 50 kwenye jarida la Uingereza la magonjwa ya moyo, na dunia ikageuka kutazama. Miaka mitatu tu baadaye, wanakemia wa kampuni ya Ciba huko Basel, Uswisi, waliitenga kemikali yenyewe kutoka kwenye mzizi na kuipa jina reserpine.

Reserpine haiigusi figo. Inafuata mishipa ya fahamu, ambako ncha zake hutunza akiba ya kemikali inayoamuru mishipa ya damu ijibane na moyo udunde kwa kasi. Reserpine huifungia akiba hiyo mlango, na baada ya siku kadhaa ncha hizo hubaki tupu. Amri inakosekana, mishipa inalegea, presha inashuka. Bahati mbaya ubongo nao unatumia kemikali za jamaa hiyohiyo. Baadhi ya waliotumia dozi kubwa walipatwa na usingizi mzito, pua kuziba na huzuni isiyo na sababu. Madaktari walilazimika kupunguza dozi hadi robo ya miligramu kwa siku, au chini ya hapo.

Robo ya miligramu haionekani vizuri kwa macho. Hakuna mtu anayeweza kuikadiria kwa kuchota unga wa mzizi kwa ncha za vidole, na mizizi yenyewe haifanani: wa mmea mzee na wa mmea mchanga, wa udongo huu na wa udongo ule, kila mmoja una kiasi chake. Ndiyo maana kazi ya Basel ilikuwa na maana. Haikuuongezea mmea nguvu, ila iliwezesha mgonjwa wa leo na wa kesho kupata kiasi kilekile.

Kisha likaja jaribio ambalo kila mgonjwa wa presha duniani ananufaika nalo, ajue au asijue. Hadi miaka ya 1960, madaktari wengi hawakuwa na hakika kama kuishusha presha kunaokoa mtu. Daktari Edward Freis aliongoza uchunguzi katika hospitali za maveterani wa vita nchini Marekani. Wanaume 143, ambao kipimo chao cha chini kilikuwa kati ya 115 na 129, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa mchanganyiko wa dawa tatu, na moja ya hizo tatu ilikuwa reserpine. Jingine lilipewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967: kwenye vidonge vitupu watu 27 walipatwa na madhara makubwa, kwenye dawa halisi walikuwa wawili. Mzizi wa masoko ya India ulikuwa ndani ya ushahidi wa kwanza mzito kwamba presha hutibika na tiba inaokoa.

Afrika nayo iliingia katika habari hii. Viwanda vilipohitaji mizizi mingi kuliko India ilivyoweza kutoa, viligeukia mmea wa jamaa hiyo unaoota katika misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, Rauvolfia vomitoria, na Kongo ikawa mojawapo ya nchi zilizouza magome ya mizizi hiyo nje. Ndugu yao wa tatu, Rauvolfia caffra, anaota Kilimanjaro. Wachaga humwita msesewe, na magome yake hutiwa katika pombe yao, mbege, kuipa uchungu wake. Asije mtu akadhani mbege inatibu presha kwa sababu hiyo. Pombe ikinywewa kila siku hupandisha presha, na msesewe wa kwenye pombe haukupimwa na yeyote kwa kazi hiyo.

Si kila kemikali ya mimea inayosaidia presha ina ukali wa reserpine. Nyingine ziko kwenye sahani ya kila siku, na hapo habari ya kuvutia zaidi ni ya mate.

Mwaka 2008, watafiti wa London na wenzao, wakiwemo Amrita Ahluwalia na Nigel Benjamin, waliwanywesha watu wenye afya nusu lita ya juisi ya bitiruti. Baada ya saa mbili na nusu hadi tatu, kipimo chao cha juu kilikuwa kimeshuka kwa takriban kumi. Kinachofanya kazi humo ni naitrati, chumvi ambayo mmea huifyonza kutoka udongoni. Naitrati haina nguvu ya kulegeza mshipa yenyewe. Inapoingia kwenye damu, tezi za mate huichuja na kuirudisha mdomoni, na huko bakteria wanaoishi nyuma ya ulimi huibadili kuwa naitraiti. Mtu akiyameza mate hayo, naitraiti huingia mwilini na kugeuka oksidi ya naitriki, gesi ambayo mishipa ya damu huitumia kujilegeza. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo mwilini uliwapa Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, tuzo ya Nobeli mwaka 1998.

Watafiti wa London walilithibitisha hilo kwa njia rahisi kabisa. Waliwaambia baadhi ya washiriki wanywe juisi, kisha wateme mate yote badala ya kuyameza. Presha haikushuka. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba hata dawa kali ya kusukutulia mdomo, ile ya kuua bakteria, ikitumiwa kwa wiki moja humpandishia presha kidogo mtu mwenye afya. Mwaka 2015 timu ya London ilijaribu kwa wagonjwa wenyewe: glasi moja ya mililita 250 kila siku kwa wiki nne. Presha ya kupimwa kliniki ilishuka kwa karibu nane. Walipoacha juisi, ikarudi ilikokuwa ndani ya wiki mbili.

Bitiruti si lazima. Mchicha una naitrati nyingi, na mboga nyingi za majani ya kijani nazo zinazo. Upishi ndio unaoharibu. Naitrati huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo mchicha ukichemshwa kwenye maji mengi kisha maji yakamwagwa, sehemu kubwa yake imeenda na maji. Mchicha wa kukaangwa haraka, au wa kuiva kwa maji yake wenyewe, unabaki nayo. Na kama mpishi ataumaliza kwa kijiko kizima cha chumvi, faida yote imekwisha kabla sufuria haijaepuliwa.

Kakao nayo ina nguvu. Norman Hollenberg wa Harvard alikwenda kwenye visiwa vya Panama wanakoishi Waguna, ambao walikuwa wakinywa kakao vikombe kadhaa kwa siku, na akakuta presha zao hazipandi kwa uzee kama za watu wengine. Waguna waliohamia mjini presha zao zilipanda, jambo lililoondoa dhana kwamba ni urithi wa damu. Kilichomo ni flavanoli, na ni chungu. Kakao ikishaoshwa kwa kemikali za kuondoa uchungu, ikachanganywa na maziwa na sukari ikawa chokoleti ya dukani, flavanoli zilizobaki ni chache mno. Mkulima wa Kyela anayekausha kakao yake uani ana kitu bora kwa mishipa kuliko kile kinachorudi kutoka Ulaya kikiwa kimefungwa karatasi ya kung'aa.

Kitunguu saumu kinahitaji kisu kwanza. Punje nzima haina alisini, kemikali yenye ile harufu. Inatokea pale tu punje inapokatwa au kupondwa, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana ndani yake vinapokutana. Kikitiwa kwenye mafuta ya moto papo hapo, alisini haipati nafasi ya kutokea, hivyo ni vizuri kukiacha dakika kumi baada ya kukiponda. Majaribio ya Karin Ried huko Australia, aliyetumia kitunguu saumu kilichoandaliwa kwa vidonge, yameonyesha kushuka kwa presha kunakokaribia kule kwa rozela, kwa watu ambao presha zao ziko juu.

Kuna jambo moja ambalo halitangazwi sana kwa sababu halina jina la kuvutia: potasiamu. Ndizi, viazi, maharage, parachichi na maji ya dafu vimejaa potasiamu, ambayo huzisaidia figo kutoa chumvi mwilini. Kaskazini mwa China, wanakijiji 20,995 katika vijiji 600 walifuatiliwa kwa karibu miaka mitano. Katika nusu ya vijiji, chumvi ya kawaida ilibadilishwa na chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kiharusi kimepungua kwa asilimia 14 katika vijiji hivyo. Hakuna majani wala mzizi wa kuagizwa mbali uliowahi kuonyesha jambo kama hilo kwa watu wengi kiasi hicho.

Lakini potasiamu hiyohiyo ni hatari kwa mtu ambaye figo zake zimechoka, na figo zilizochoka ni jambo la kawaida kwa aliyeishi na presha miaka mingi. Mwilini mwake potasiamu hurundikana hadi kuyumbisha mapigo ya moyo. Akiwa anatumia pia enalapril, losartan au spironolactone, ambazo nazo huibakiza potasiamu mwilini, hatari inakuwa kubwa zaidi. Kwake glasi ya bitiruti na dafu la kila asubuhi ni mambo ya kuuliza kwanza kliniki.

Migongano ya aina hii ni mingi, na wagonjwa wanastahili kuijua kabla haijawakuta. Mwaka 1989, David Bailey na wenzake nchini Kanada walikuwa wakichunguza pombe na dawa ya presha iitwayo felodipine. Ili kuficha ladha ya pombe walitumia juisi ya balungi. Dawa ikapanda katika damu kupita kiasi, na pombe haikuwa na hatia: ilikuwa ni balungi. Tunda hilo lina kemikali zinazozima kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa kabla haijaingia mwilini. Nifedipine, inayotumiwa na wengi Afrika Mashariki, nayo huguswa. Mtu anaweza kumeza kidonge kimoja mwili ukaona kama amemeza viwili, akasimama na kuanguka kwa kizunguzungu.

Kitunguu saumu cha vidonge kilishusha kwa karibu nusu kiasi cha saquinavir, dawa ya virusi vya UKIMWI, katika damu ya watu waliofanyiwa majaribio Marekani. Mtu aliye kwenye ARV hana sababu ya kukiogopa kitunguu saumu cha kwenye mchuzi, lakini vidonge vyake avitaje kwa daktari. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda naye hivyohivyo. Na mjamzito asijitibu presha kwa rozela wala kwa mmea mwingine wowote, kwa sababu presha ya ujauzito inaweza kugeuka kifafa cha mimba kwa kasi ambayo chai haiwezi kushindana nayo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha, na karibu nusu yao hawajui. Presha haiumi. Mtu anaweza kutembea na 180 kwa 110 akijihisi mzima, na ndiyo maana kujisikia vizuri baada ya kunywa dawa ya majani hakuthibitishi chochote. Kinachothibitisha ni mashine. Anayetaka kujua kama rozela inamsaidia aanze kupima kabla hajanywa kikombe cha kwanza, kisha aendelee kupima kwa wiki kadhaa. Akae dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na nusu saa kabla ya hapo asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Apime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, aandike kila namba na tarehe yake. Chai yenyewe iwe bila sukari, maana rozela inayouzwa mitaani mara nyingi ni sukari iliyotiwa rangi ya ua.

Daftari hilo, likiwa na jina la mmea na kiasi anachokunywa kwa siku, ndilo la kwenda nalo kliniki. Vidonge viendelee wakati wote huo, hata namba zikishuka, kwa kuwa namba iliyoshuka ni kazi ya kidonge na kikombe kwa pamoja. Daktari akiona imeshuka vya kutosha, yeye ndiye atakayepunguza dozi, hatua kwa hatua, huku vipimo vikiendelea kuandikwa.